Waheshimiwa wa Orofa ya Tatu

Agneta alikuwa ametimiza miaka minane Dubai, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumkuta mtu wa kwao ndani ya chumba alichokwenda kusafisha. Wageni wa hoteli aliyofanyia kazi, mtaani Al Rigga, walikuwa Warusi, Wahindi na Wamisri, pamoja na Wakenya wachache waliokuja kununua simu na nguo za jumla, wakaondoka kabla hujazikariri sura zao. Kwa hiyo Jumatano moja ya mwanzo wa Septemba, alipokuwa akisukuma toroli la mashuka kwenye orofa ya tatu, akasikia wanaume wawili wakibishana kwa lugha ya mama yake, lugha ya kule magharibi mwa Kenya, alisimama ghafla kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Supavaiza wake, Mwanamkasi wa Unguja, alikuwa amemdokezea asubuhi. "Da Agneta, orofa yako leo imejaa watu wa kwenu. Wamo ishirini, watakaa siku tisa. Wenyewe wanaitana waheshimiwa, sijui waheshimiwa wa wapi hao."

Agneta aligonga mlango wa chumba cha kumi na nane. Aliyefungua alikuwa Isaiah, mdogo wake.

Walitazamana kwanza, hakuna aliyeamini. Kisha Isaiah akamvuta ndani na kumkumbatia, yeye na taulo zake mkononi, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Hawakuwa wameonana kwa miaka minne.

"Si uko Naivasha kwenye semina?" Agneta aliuliza alipopata pumzi. "Mama aliniambia juzi kwa simu."

"Hivyo ndivyo tulivyowaambia watu wote," Isaiah alisema, akafunga mlango polepole. "Dada, tafadhali, usimwambie mtu yeyote nyumbani. Hata mdogo wetu Lynette. Hata Mama."

Isaiah alikuwa muuzaji wa dawa za mifugo sokoni, mtu wa kuamshwa alfajiri ng'ombe wa jirani akishindwa kuzaa. Hilo ndilo lililompa jina, na katika uchaguzi wa Agosti akashinda kiti cha wadi yao kwa kura sitini na moja. Agneta alifuata hesabu hiyo kwenye simu, kule mtaani Karama, katika chumba anachogawana na wanawake watano, na matokeo yalipotangazwa aliruka juu hata Mfilipino wa kitanda cha juu akadhani kuna moto. Nyumbani mama yao, Rasoa, mjane wa miaka sabini na minne, alizunguka boma zima akicheza, amevaa fulana yenye picha ya mwanawe.

Sasa mwanawe alikuwa amefichwa. Isaiah alimweleza dada yake mambo yalivyokuwa. Chama chao kilipata viti ishirini katika bunge la kaunti, na chama cha gavana kikapata kumi na tisa. Siku ya kuapishwa ndiyo siku ya kumchagua spika, na kura hiyo ni ya siri. Mwenye spika ndiye mwenye bunge: ndiye anayeamua hoja gani isikilizwe na nani apewe nafasi ya kusema. Gavana alihitaji mtu mmoja tu wa kumgeuza. Watu wake walikuwa wameanza kuwatembelea waheshimiwa wapya majumbani, usiku na mchana, na ndipo wakubwa wa chama walipoamua kuwatoa wote ishirini nchini mpaka siku yenyewe ifike. Simu na pasipoti zilikaa kwa Zedekiya, mwanasiasa mkongwe ambaye angekuwa kiongozi wa walio wengi bungeni.

"Kwa hiyo mmefungwa," Agneta alisema.

"Tumetunzwa," Isaiah alisema, akacheka, lakini hakucheka sana.

Siku zilizofuata zilikuwa siku njema kuliko zote alizowahi kuziona Agneta katika kazi ile. Chumba cha Isaiah alikiacha mwisho. Alipokuwa akitandika, mdogo wake alikaa kwenye kiti cha dirishani akimsimulia habari za nyumbani: nani ameoa, nani amehama, daraja gani limebomoka na atakavyolitengeneza. Dakika kumi, kumi na tano, kisha Agneta alisukuma toroli lake na kuendelea. Zedekiya alijua. Alimkuta mlangoni siku ya pili, akamsalimu kwa heshima, akamwambia, "Dada yetu, sisi hatujafika hapa, sawa?" Agneta akaitikia. Hakuona ubaya wowote.

Jumapili mchana Lynette alipiga simu. Lynette ndiye kitinda mimba wao, aliyebaki nyumbani na mama. Agneta alikuwa kwenye chumba cha kuhifadhia mashuka.

"Mama ameanguka," Lynette alisema. "Daktari anasema ni kiharusi. Upande wa kulia wote umekufa. Anamwita Isaiah tu, na Isaiah simu yake imezimwa tangu wiki jana. Hiyo semina iko wapi? Nimempigia kila mtu ninayemjua."

Agneta alikaa juu ya rundo la mashuka. Ulimi ulikuwa umefika mahali pa kusema, "Isaiah yuko hapa, hatua ishirini kutoka niliko." Hakusema. Alisema, "Nitamtafuta."

Isaiah alipoambiwa alisimama, akavaa viatu bila soksi, akaenda moja kwa moja chumbani kwa Zedekiya. Agneta alimfuata na ndoo mkononi, akijifanya anasafisha.

"Nipe pasipoti yangu, mheshimiwa. Mama yangu yuko hospitali."

Zedekiya hakupandisha sauti. Alimkalisha, akampa maji, akamuuliza mgonjwa yuko hali gani, amelazwa wodi gani, nani yuko naye. Kisha akasema, "Ndugu yangu, wale watu wanakungoja uwanja wa ndege. Ukitua peke yako, hata hospitali hutafika kabla hawajakuzunguka. Nakuamini wewe. Lakini hawa wengine wataniuliza kwa nini mmoja ametoka, na kesho watatu watakuwa na mama wagonjwa. Siku nne tu. Nimeshapiga simu, daktari mkubwa anaenda kumwona leo hii. Na ile kamati ya afya ya bunge, nilikuwa nataka uwe mwenyekiti wake. Utamsaidia mama yako, na mama za watu wote."

Isaiah alitazama chini. Agneta alingoja adai tena pasipoti yake.

"Siku nne?" Isaiah aliuliza.

"Nne tu."

Kesho yake Agneta alificha simu yake katikati ya taulo. Mfanyakazi aliyempa mgeni simu yake chumbani angeweza kurudishwa kwao, lakini hakujali. Alimpigia Lynette, akamwambia amempata Isaiah, amwekee Mama simu sikioni. Halafu akampa mdogo wake.

Isaiah aliishika kwa mikono miwili. "Mama? Ni mimi." Ikasikika pumzi, kisha sauti nzito isiyo na maneno kamili. "Ndiyo, Mama. Niko njiani. Naja. Niko barabarani sasa hivi."

Mama yao alisema kitu. Alikirudia mara tatu kabla hawajakielewa. Alikuwa akimwambia asiendeshe kwa kasi.

Isaiah alimrudishia Agneta simu, akaingia bafuni, akafungua maji. Agneta alitandika kitanda, akakitandua, akakitandika tena. Alipotoka koridoni alikutana na Mwanamkasi, ambaye alimtazama mara moja tu usoni.

"Una nini, mwaya?"

"Mama yangu mgonjwa."

"Basi omba ruhusa ya dharura uende. Mimi nitakuandikia leo hii, khalas."

"Kaka... mdogo wangu atakwenda," Agneta alisema. "Yeye ndiye Mama anayemtaka."

Maneno hayo alikuja kuyajutia kuliko yote aliyowahi kusema. Alikuwa bado anaamini kwamba Isaiah, akiisha kuisikia ile sauti, asingeweza kukaa. Angepiga mlango wa Zedekiya, angepiga kelele, angekwenda ubalozini. Jumanne alimkuta amekaa kwenye kile kiti cha dirishani, amevaa suti aliyonunuliwa kwa ajili ya kuapishwa, anajaribu kama mikono inamtosha.

"Kesho tunaondoka," alisema bila kumtazama. "Alhamisi asubuhi tunaapa, saa sita mchana niko kando ya kitanda chake."

Jumatano saa tatu asubuhi Lynette alipiga. Alikuwa akilia tu, na nyuma yake wanawake walikuwa wakilia, na Agneta akaelewa.

Wasafishaji hawaruhusiwi kupita ukumbi wa mapokezi. Agneta alishuka kwa lifti ya wageni, na aproni yake, akatokea katikati ya wale watu ishirini na masanduku yao. Basi lilikuwa nje. Isaiah alikuwa karibu na mlango. Zedekiya ndiye aliyemwahi Agneta, akamshika mkono.

"Mama ametutoka," Agneta alimwambia.

Zedekiya alivua miwani. Kwa muda alionekana mzee kabisa. "Pole, dada yangu. Pole sana." Kisha akasogea karibu. "Nakuomba kitu kigumu. Usimwambie sasa. Ndege ni hiyo hiyo moja, hata akijua hatafika mapema zaidi. Mwache aape kwanza. Mwache apige kura akili ikiwa imetulia."

Lilikuwa jambo la kweli, na hilo ndilo lililomchoma. Aliutoa mkono wake, akampita, akamwambia Isaiah kwa lugha ya nyumbani, kwa maneno matatu. Isaiah hakulia. Aliuliza amefariki saa ngapi, kana kwamba ilikuwa na maana. Kisha wenzake wakamzunguka, wakamshika mabega, wakampeleka ndani ya basi, na mlango ukafungwa.

Aliyoyajua Agneta baadaye aliyapata kwa simu. Kutoka uwanja wa ndege walipelekwa moja kwa moja hadi hoteli moja karibu na bunge, na asubuhi wakaapishwa. Isaiah aliapa sauti ikimkatika. Duru ya kwanza haikutoa mshindi, kwa kuwa hakuna aliyefikisha theluthi mbili za kura. Katika duru ya pili, ambapo wingi wa kura ulitosha, karatasi zilipohesabiwa, mgombea wa gavana alikuwa na kura ishirini, na wao kumi na tisa.

Mmoja wao alikuwa amegeuka. Siku tisa za kufichwa, simu mfukoni mwa Zedekiya, mama kulazwa na kufa, na bado mtu mmoja alikwenda nyuma ya kisanduku cha kura akaweka alama mahali pengine. Watu hawakuchukua muda kuamua ni nani. Nani mwingine alikuwa na kinyongo? Nani alionekana analia akiapa? Nani alikawia na karatasi yake? Jioni hiyo hiyo Isaiah alitolewa kwenye kundi la simu la chama. Kamati ya afya alipewa mwingine. Kwenye mazishi ya Rasoa, ambako viti vya waheshimiwa vilikuwa vimepangwa mstari wa mbele chini ya hema, hakuja hata mmoja wa wale kumi na tisa.

Agneta hakuwahi mazishi. Ruhusa aliyoiomba Jumatano ilitoka Jumatatu. Aliyatazama kwa simu, amekaa ngazini kule Karama, na Mwanamkasi amekaa kando yake.

Wiki mbili zikapita kabla hajamuuliza mdogo wake. "Ni wewe?"

"Si mimi," Isaiah alisema. "Dada, naapa kwa kaburi la Mama. Nilipiga kama nilivyoagizwa. Nilimwahidi Zedekiya."

Alimwamini. Isaiah hakujua kumdanganya yeye. Alipokata simu alibaki ameishika, akagundua kwamba siku zote hizo alikuwa akitumaini kusikia jibu lingine. Alitamani aliyegeuka angekuwa yeye. Alitamani mdogo wake angeichukua ile karatasi na kuwalipa waliomweka kwenye kiti cha dirishani huku mama anamwita. Kumbe hata hilo hakulifanya.

Desemba Agneta alikwenda likizo. Isaiah alikuja kumpokea mwenyewe, bila dereva na bila wafuasi, amekonda. Walifyeka nyasi kaburini. Alimsimulia kwamba bungeni sasa anakaa nyuma kabisa. Spika wa gavana hampi nafasi ya kusema kwa sababu ni wa upinzani, na chama chake hakimpi kwa sababu ni msaliti. Lile daraja halijaguswa.

"Unafikiri Mama alijua sikuwa njiani?" aliuliza.

Agneta alifikiria kumwambia uongo kwa namna moja, kisha kwa namna nyingine. "Hakujua," alisema mwishowe. "Lynette anasema alikuwa akiuliza umefika wapi, mpaka mwisho."

Isaiah aliendelea kufyeka. Alifyeka mahali ambapo hapakuwa tena na nyasi, mpaka Agneta akalishika panga lake.

Sasa wanazungumza kila Ijumaa, siku ya mapumziko ya Agneta. Wanaongea juu ya watoto wa Lynette, mvua, bei ya mbolea. Juu ya ile wiki ya Septemba hawaongei. Hotelini Agneta bado anasafisha orofa ya tatu.