Mwaka Uliofutwa

Asubuhi ile gari langu lilikohoa njia nzima hadi gereji ya Saidi, mtaa wa Buyenzi. Nilikuwa naandika tasnifu kuhusu wafalme wa Northumbria, ufalme wa kale huko Uingereza, na yeyote aliyesimama karibu nami alilazimika kunisikiliza.

Saidi alisikiliza akiwa ameinamia injini. Nilimweleza jinsi mfalme mmoja alivyouawa vitani, wawili wakagawana ufalme, wakaiacha dini ya Kikristo, na kabla ya mwaka kwisha nao wakauawa. Watunza orodha ya wafalme waliona aibu. Wakaufuta mwaka ule, wakamhesabia mfalme aliyefuata.

“Prof, we unajua vifo vya wafalme wote wa Wazungu,” akasema, akiniinulia plagi nyeusi, “lakini hii buji haukujua kama imekufa!”

Mkewe, Mama Zena, akacheka mlangoni. Ndipo tuliposikia milio ya kwanza ya risasi, upande wa kaskazini.

Njia ya kwangu, mtaa wa Mutanga Nord, ilifungwa. Wenye bunduki waliuliza kabila kabla ya jina. Saidi akanificha nyumbani kwake siku tatu. Siku hizo sikuwalilia majirani zangu. Nililia karatasi zangu, makasha mawili, kazi ya miaka minne. Sikumtuma mtu. Nililalamika tu, kwa ufasaha wa msomi, kila tulipokaa kula.

Siku ya nne Saidi akavaa kofia yake.

“Mi niko Muswahili wa hapa. Vita ni yao. Nani atanigusa?”

“Apana, Baba Zena. Karatasi zitangoja,” mkewe akamwambia.

Mama Zena akanigeukia, akingoja nimkataze mumewe.

Nikasema makasha yako chini ya kitanda.

Hakurudi.

Njia zilipofunguliwa niliyakuta makasha palepale, yana vumbi. Hakuwa amefika.

Nilimaliza tasnifu. Kila mwaka nafundisha habari ya mwaka uliofutwa, na wanafunzi hucheka pale nilipokuwa nikicheka.

Idi iliyopita nilimpelekea Mama Zena sukari, kama kawaida yangu. Akaniuliza, bila ukali:

“Prof, ule mwaka wa wafalme wako, waliufuta. Na watu wenye walikufa ndani yake, waliwaandika wapi?”

Nikasema sikumbuki.

Nakumbuka. Hawakuandikwa popote. Na ukurasa wa shukrani wa tasnifu yangu una majina kumi na moja. La Saidi halimo. Niliogopa msomaji angeuliza alikuwa nani.