Mguu wa Kuku Pembeni mwa Karatasi

Saa mbili asubuhi, trei za mayai, magazeti na boksi la sabuni vimelazwa ndani ya beseni la maji jikoni, vimevimba kwa heshima zote za mwisho. Msimamizi wa shughuli ni Mama Rojo, aliyepewa jina hilo na majirani kwa ajili ya uji wa karatasi usiokauka kwenye blenda yake.

Anaumwaga uji huo kwenye maji, anazamisha fremu ya wavu, anainua. Maji yanachuruzika, linabaki tabaka jembamba. Analigeuzia juu ya shuka kuukuu na kulikandamiza kwa sponji.

Karatasi inatoka laini kama shavu la mtoto. Mama Rojo anaitazama kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani.

"Alama iko wapi?"

"Mama, wavu ni mpya," anajibu binti yake. "Ule wa baba si umeoza?"

Wavu wa zamani ulitoka kwenye dirisha la jiko hilihili. Mumewe, fundi viatu, aliutengenezea fremu, na ulipochanika akaushona kwa uzi wa viatu. Mshono ukaenda kombo. Tangu siku hiyo kila karatasi ilizaliwa na kovu pembeni, mfano wa mguu wa kuku.

"Nilimcheka mpaka nikashika ukuta," anasema Mama Rojo. "Akaniambia, 'Cheka tu, mke wangu. Iko siku utautafuta.'"

Alifariki miaka sita iliyopita. Karatasi hizo ndizo zinazonunua gesi ya nyumba hii, na wateja huanza kwa kutafuta mguu wa kuku. Safari hii mteja ni binti mwenyewe. Anaolewa mwezi ujao, na anataka kadi zenye mkono wa baba yake.

Mama Rojo anauchana wavu mpya makusudi, anaushona kwa uzi wa marehemu, anachota. Alama imenyooka kama rula.

"Huu si mguu wa kuku, mama. Hii reli."

"Nyamaza, bibi harusi! Kumbe kuharibu nako kuna ufundi."

Anafumua, anashona tena. Reli nyingine. Halafu anaanza kucheka peke yake.

"Baba yako alishonea mkono gani?"

"Wa kushoto."

Sindano inahama mkono. Inamchoma, anaitukana kwa adabu, anaendelea. Anazamisha fremu, anainua, na pembeni vidole vitatu vya kuku vimekaa kombo vilevile.

"Kadi zikiisha, fremu hii utaolewa nayo," anasema. "Wenzio hupewa masufuria."

Binti ameinamia karatasi mbichi, macho yamejaa machozi.

"Lilia pembeni huko," mama anamsukuma. "Itarudi kuwa rojo."