Kibao cha Mbwa Mkali kwenye Lango Letu

Baba yangu alikuwa mrina asali. Alizaliwa upande wa Inyonga, akakulia porini, na mpaka siku alipoanguka kutoka juu ya mti akishusha mzinga, hakuwahi kuishi mahali penye mtaa. Mguu wake wa kulia uliunga vibaya. Ndipo akakubali kuhamia Mpanda mjini, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma ambayo mama alikuwa ameisimamia mwenyewe, karibu na reli. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nipo nyumbani najifunza kushona.

Baba alikuja na baiskeli yake, madebe ya asali, na mbwa.

Mbwa yule alikuwa wa rangi ya udongo, kifua kipana, sikio moja limechanwa na nyegere. Hakuwa na jina. Baba alimwita kwa mluzi, naye aliitika kwa kusimama wima na kumtazama. Huko porini, kwenye kambi ya warina asali, kazi yake ilikuwa kulinda asali iliyokwisha kurinwa, na kutoa habari ya chochote kinachosogea. Sasa mjini kila kitu kinasogea. Watu wa mtaa wetu walikuwa wamezoea kukatiza uani kwetu wakienda bombani, na wanawake waliingia kwa mama bila kubisha, hodi yao ikisikika wakiwa tayari wameshafika jikoni. Wiki ileile ya kwanza, mama mmoja aliyekuja kurudisha ungo alichaniwa kanga. Hakuumwa, lakini alianguka, na kanga ilikuwa mpya.

Baba alimnunulia kanga nyingine, akaipeleka mwenyewe kwa mikono miwili. Kisha akamfunga mbwa chini ya mpapai, akawa anamfungulia jioni tu lango likishafungwa. Hakuridhika. Akaponda mfuniko wa debe mpaka ukawa bapa, akautoboa matundu ya misumari, akaja nao kwangu na kopo la rangi nyekundu iliyobaki kwenye milango.

"Wewe una mwandiko," alisema. "Andika mbwa mkali. Herufi kubwa, mtu asome akiwa barabarani."

Niliandika kwa uangalifu, nikipima nafasi kwa kidole. Baba alikipigilia kibao langoni, akarudi nyuma akichechemea, akakisoma taratibu kwa sauti. Alisoma kama mtu anayehakikisha kwamba maneno ni ya kweli.

Sikujua kwamba tumeutukana mtaa mzima.

Mjini Mpanda wakati huo vibao vya namna hiyo vilikuwa kwenye nyumba za wakubwa, zile zenye ua wa michongoma na geti la chuma. Mtaa wetu ulikuwa wa wachuuzi, mafundi na watu wenye mashamba ya karanga na mihogo nje ya mji. Kwetu kibao kilimaanisha kwamba mwenye nyumba ana mali anayoificha, au anawaona jirani zake ni wezi. Mzee mmoja wa kanisani alimwambia mama, kwa upole kabisa, kwamba tangu azaliwe hajaona mlango unaomfukuza mgeni kabla mgeni hajasalimia. Wengine waliacha tu kuja. Watoto wakitoka shule walikisoma kwa pamoja wakiimba. Asubuhi moja tulikuta mtu ameongeza kwa mkaa, chini ya herufi zangu: na mwenyewe pia.

Mimi niliona aibu. Baba alisoma, akatabasamu, akasema huyo naye ana mwandiko. Alifuta kwa kitambaa chenye maji, akaendelea na kazi zake.

Aliyeumia zaidi ni mama. Alikuwa amezoea kubangua karanga akiwa na wenzake, sasa alibangua na mimi. Jioni moja tukila alimwomba baba akitoe kile kibao. Alisema wateja wa asali nao wanaishia barabarani, na kwamba mbwa si anafungwa, basi kibao cha nini.

Baba alitafuna kwanza. Kisha alisema kwamba kamba hukatika. Akasema, "Mbwa ni wangu, ukali wake ni wangu. Nikikaa kimya, nitakuwa nimemdanganya kila anayepita."

Mama hakulitaja tena jambo hilo. Lakini niliona kwamba tangu siku ile alianza kutoka mwenyewe mpaka langoni kuwapokea watu, akiwashika mkono na kuwaingiza. Wachache walikubali.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hakukubali. Alikuwa mama wa makamo aliyekulia Katumba, mtoto wa wakimbizi wa Burundi, mwuza maharage sokoni, na Kiswahili chake kilikuwa na ule mvuto mtamu wa Kirundi. Aliniambia siku moja kwamba kwao walifundishwa kuwa nyumba hulindwa na jirani. Mwenye kuandika vile, alisema, ameshawafukuza walinzi wake.

Kiangazi cha mwaka uliofuata, binti yake mdogo aliumwa na mbwa.

Ilikuwa alasiri. Mtoto alikuwa ametoka bombani, akaonekana akikimbia bila ndoo, damu ikimtiririka kwenye shavu la mguu. Hakuweza kueleza kitu kwa kilio. Kabla hajatulia, watu walikuwa wameshajaa langoni kwetu, wengine na magongo. Sikuwa na haja ya kuuliza kwa nini wamekuja kwetu. Kijana mmoja alikuwa akikigonga kibao changu kwa fimbo na kusema kwamba tumekiri wenyewe, tumeandika kwa mkono wetu.

Mbwa alikuwa amefungwa chini ya mpapai. Yeyote angeingia hatua chache angemwona, na kamba yake nzima. Nilitaka kupiga kelele niwaambie. Baba alinipita, akafungua lango, akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Hilo tu. Hakujitetea. Akaniagiza sabuni ya mche na ndoo ya maji. Alimketisha yule binti kwenye kigoda chetu, akamwosha kidonda kwa maji na povu, akarudia na kurudia, na mama mtu alipomsukuma mkono akisema inatosha, alimjibu kwa sauti ya chini kwamba alishamzika mwenzake kambini kwa jeraha dogo kuliko hili, kwa kuwa hawakuosha na hawakwenda hospitali. Yule mama akatulia. Nikaona watu nao wanateremsha magongo.

Tulimpandisha mtoto kwenye baiskeli. Baba hakuweza kuendesha kwa mguu wake, kwa hiyo mimi nilishika usukani, yeye akasukuma kwa nyuma, mama mtu akamshikilia mwanawe. Tulipita katikati ya mtaa hivyo, na jua la kiangazi usoni. Hospitali walimchoma sindano, wakasema atarudi kwa nyingine. Mganga aliuliza mbwa ni wa nani. Baba alisema hamjui aliyeuma, ila wake yupo, amefungwa, na bwana mifugo aje amwangalie.

Bwana mifugo alikuja kesho yake. Aliagiza mbwa wetu afungwe na kutazamwa kila siku. Hilo halikuwapendeza vijana wa mtaa. Walitaka auawe palepale, na walikuja kundi zima kusema hivyo. Baba alichukua kiti akaketi katikati ya lango, mguu mbovu ameunyoosha mbele.

"Mkimuua leo hatutajua kitu," aliwaambia. "Kama ana kichaa, siku hizi chache zitaonyesha. Kama hana, yupo mwenye kichaa anatembea, na nyie mna watoto."

Walisimama kwanza. Kisha mmoja akaondoka, na wengine wakamfuata. Baba aliendelea kuketi pale kila siku akichonga mipini ya majembe, na mbwa nyuma yake akila na kunywa maji kama kawaida. Kila aliyepita aliona. Nadhani ndicho alichotaka.

Haikupita wiki, mbwa mweupe mwenye madoa, asiye na mwenyewe, alizuka kwenye njia ya reli, mate yakimchuruzika, akamrarua mbuzi wa watu. Wanaume walimzunguka wakamuua. Yule binti alipelekwa amwone kwa mbali. Alijificha kwenye kanga ya mama yake akasema ndiye.

Jioni hiyo jirani yetu alikuja. Alisimama chini ya kibao, akapiga hodi, akangoja mpaka mama alipomfikia. Hakukaa kwenye kigoda, alipiga magoti mbele ya baba kama walivyofanya wanawake wa kwao kwa wakwe.

"Mzee, mtoto amesema siye wenu," alisema. "Mbona siku ile hukutuambia?"

"Ungeniamini?"

Alifikiri, akatikisa kichwa.

"Basi," baba alisema, "na kidonda kilikuwa kinasubiri."

Kisha yule mama alisema jambo ambalo hatukulitarajia. Nao walikuwa na mbwa, nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku. Na nyumba ya tatu wanaye, na kwa fundi baiskeli wapo. Hakuna aliyeandika, kwa sababu asiyeandika haulizwi. Akanigeukia mimi. Alitaka kibao. Ila hakutaka kianze na mbwa. Alisema mgeni akaribishwe kwanza.

Tulikaa naye uani, mama akirudia maneno, mimi nikiyajaribu kwa mkaa kwenye ubao. Nilichoandika mwishoni kilikuwa hivi: Karibu. Piga hodi ungoje. Mbwa yupo.

Alipokipigilia kwake watu walicheka, lakini walisimama na kupiga hodi. Baadaye fundi baiskeli naye alikuja na bati lake. Kisha yule mzee wa kanisani, ambaye mbwa wake alikuwa kikongwe asiye na meno. Kila nilipotumwa dukani nilipita mbele ya herufi zangu. Nilimuuliza baba kama na chetu nikibadilishe. Alisema hapana, wa kwetu ni mkali kweli, na sasa watu wanajua tunasema kweli.

Binti wa jirani alimaliza sindano zake, kidonda kikafunga, likabaki kovu dogo. Mama yake alirudi kubangua karanga uani kwetu.

Mwisho wa kiangazi bwana mifugo alitangaza chanjo ya mbwa kwenye uwanja karibu na stesheni. Siku hiyo milango ilifunguka, na mbwa ambao mtaa ulikuwa haujui kama unao wakatoka kwa kamba, kwa minyororo, mmoja kwa mkanda wa suruali. Baba alikuwa amevaa shati lake la Jumapili. Alitembea mbele akichechemea, mbwa wake wa porini akienda kwa mwendo wake bila kuvuta, na watu walimpisha njia wakimwamkia kwa heshima, "Shikamoo, mzee." Nilikuwa pembeni yake. Sikuwa nimeshika chochote, na sikuwa na kazi yoyote pale. Nilitaka tu watu waone kwamba yule ni baba yangu.