Siku Baba Alipolipalilia Tangi Langu

Baba yangu alikuja kukaa nami Kakamega kwa sababu ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na kliniki ilikubali kumpasua jicho la kulia kwanza. Kwetu ni upande wa Butere, ambako amelima miwa tangu kabla sijazaliwa. Mama alikuwa amefariki, ndugu zangu wako mbali, na mimi ndiye ninayeishi karibu na madaktari, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Alifika na begi moja, kuku aliyefungwa miguu, na jembe. Nilimuuliza jembe ni la nini. Akasema hakujua nyumba yangu ikoje.

Nyumba yangu ni ya kupanga, vyumba viwili, chini kabisa katika jengo la ghorofa tatu. Shamba hakuna. Kuna sebule, na sebuleni, juu ya kabati fupi, kuna tangi la samaki.

Tangi hilo nililianza mwaka ule tuliomzika Mama, wakati ambapo sikuweza kusoma kitabu wala kutazama televisheni. Nilihitaji kitu cha kutazama kisichoongea. Niliweka mchanga mweusi, kigogo kilichopindika, na mimea ya majini: mingine ya majani mapana na magumu, mingine mirefu kama utepe, iliyofika juu na kulala usoni pa maji. Ndani yake waliishi samaki wadogo kumi na mmoja wenye mstari wa buluu ubavuni, kambare wawili wasiozidi kidole gumba, na beta mmoja dume.

Beta ni samaki mgomvi. Aliyeniuzia alinionya kwamba huwa anawekwa peke yake, kwa sababu akimwona mwenzake mwenye mapezi marefu humrukia. Lakini nilisoma, nikauliza, nikajaribu, nikagundua kwamba ukimpa wenzake watulivu na mimea mingi, anaweza kuishi na jamii. Mimea ndiyo iliyoleta amani. Kila mmoja alikuwa na mahali pa kupotelea. Beta alipita katikati ya majani na mapezi yake yakiburuzika kama leso ya mtu asiye na haraka, akipanda juu mara kwa mara kuvuta hewa, maana samaki huyo hupumua hewa kama sisi. Ilinichukua karibu miaka mitatu kufika hapo.

Baba alilitazama tangi jioni ile ile aliyofika. Alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.

"Huyu mweusi ndiye mkubwa wao?" aliuliza.

"Si mweusi, Baba. Ni wa buluu."

"Mimi naona mweusi."

Siku mbili baadaye akapasuliwa. Muuguzi akampa masharti mbele yangu: dawa ya matone mara nne kwa siku, asiiname, asibebe kitu kizito, maji yasiingie jichoni, na kifuniko cha plastiki kisitoke hovyo. Baba aliitikia kila sharti kwa kichwa. Siku iliyofuata walipomfungua bandeji na nikamrudisha nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwenye tangi akasimama. Alikaa pale muda mrefu hata chai ikapoa.

"Umenunua mwingine," akasema.

"Ni yule yule, Baba."

"Yule alikuwa mweusi." Akafunika jicho lililopasuliwa kwa kiganja, akatazama kwa lile bovu. Akabadilisha. Akarudia tena. "Kumbe," akasema polepole.

Tangu siku hiyo akawa wa tangi. Nilipotoka kwenda kazini, kwenye maabara ya kliniki moja mjini, nilimwacha ameketi mbele yake. Niliporudi nilimkuta hapo hapo. Alilalamika jambo moja tu: beta alikuwa akijificha mno. "Hawa samaki wanaonanga nini ndani ya nyasi hii yote?" aliniuliza. Nilicheka. Nilimwambia wanapenda hivyo. Nilipaswa kueleza zaidi, lakini nilikuwa nimechoka, na sikuwahi kufikiria kwamba kuna la kueleza.

Siku ya kumi baada ya upasuaji nilirudi saa kumi jioni nikakuta maji kwenye korido. Nilidhani bomba limepasuka. Mlango wangu ulikuwa wazi. Nilivua kiatu kimoja ili kisilowe, na ndivyo nilivyosimama mlangoni, kiatu mkononi, nisiweze kuvua cha pili.

Tangi lilikuwa tupu, halina kijani chochote. Sijui niseme vipi vizuri zaidi. Maji yalikuwa meupe, safi kama ya kunywa. Mchanga ulikuwa umeoshwa na kusawazishwa kwa kiganja kama kitalu cha mboga. Kigogo kilikuwa kimesuguliwa kwa brashi ya nguo mpaka kikabadilika rangi. Hapakuwa na jani hata moja. Na juu kabisa, wale samaki wadogo walikuwa wamejikusanya kwenye pembe moja, midomo yao ikifunguka na kufungika kwa kasi ambayo sijawahi kuiona.

Baba alikuwa ameketi kwenye stuli, shati limelowa kifuani, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Alikuwa akitabasamu. Baba si mtu wa kutabasamu.

"Karibu, mama," alisema. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Sasa unaweza kuona samaki wako."

"Mimea iko wapi?"

"Magugu? Nimekupalilia. Ilikuwa imewafunika kabisa. Nimetoa na mizizi yake, haitarudi."

"Na maji umetoa wapi?"

"Kwa bomba. Yale ya zamani yalikuwa ya kahawia."

Maji ya bomba ya mjini yana dawa ya kuua vijidudu. Mtu hunywa bila kujua. Samaki huungua matamvua. Mimi huyawekea dawa nyingine ya kuondoa ile ya kwanza, na kamwe sibadilishi zaidi ya robo kwa mara moja. Yote haya nayajua kama ninavyojua kazi yangu, na yote yalinijia kwa pamoja. Nilikimbilia kabatini, nikachukua chupa, nikamimina bila kupima. Nyingine ikamwagika sakafuni. Mmoja wa wale wadogo aligeuka tumbo juu mbele ya macho yangu. Kisha wa pili. Nilitia mkono ndani nikawa nayakoroga maji, kana kwamba hilo lingesaidia.

Ndipo nilipokumbuka. "Yule wa buluu yuko wapi?"

"Yuko kwa jagi, jikoni. Niliona nikimrudisha pamoja na hawa wadogo kabla hawajazoea, atawapiga. Kwa hivyo nikamwacha kwanza na maji yake ya zamani."

Nilikwenda jikoni. Alikuwa ndani ya jagi la chai, mapezi yamekunjwa, mzima. Nilirudi sebuleni nikaanza kuwatoa waliobaki kwa kikombe, mmoja mmoja, kuwahamishia kwenye ndoo ya maji ya mvua niliyokimbia kuichota nje. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye maji. Nyuma yangu Baba alikuwa akisema jambo, nami sikulisikia.

"Mama," akasema tena. "Nimeharibu?"

Niliendelea na kikombe.

"Mama, hili jicho linaniwasha."

Niligeuka. Kifuniko cha plastiki hakikuwepo usoni. Kilikuwa kinaelea kwenye beseni la mchanga mchafu. Jicho lililopasuliwa siku kumi tu kabla lilikuwa jekundu kama nyama, na maji yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye nywele kupitia paji la uso hadi ndani yake. Mzee wa miaka sabini na kitu, aliyekatazwa kuinama, alikuwa amebeba ndoo baada ya ndoo kutoka bafuni na kuinamia tangi mchana kutwa. Nami nilikuwa nimeingia ndani, nikamtazama usoni, nikaongea naye, na sikuona. Baadaye aliniambia alikuwa amelitaja jicho mara mbili kabla ya hiyo.

Niliacha kikombe. Sikumbuki nilivyofunga mlango. Nakumbuka tu kwamba kwenye tuktuk nilikuwa nimevaa kiatu kimoja cha kazi na ndara moja, na Baba alikuwa ameshika kitambaa safi juu ya jicho, akitazama mbele.

Kliniki ilikuwa karibu kufungwa. Muuguzi yule yule alimmulika.

"Mzee, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napalilia."

"Kupalilia wapi?"

"Kwa sebule ya binti yangu."

Muuguzi alinitazama. Alituambia tumsubiri daktari kwenye benchi.

Tulikaa. Nilikuwa bado nasikia baridi ya yale maji kwenye magoti. Nilikuwa nikifikiria kwamba kama jicho hili litapotea, nitaishi nikijua nililiweka nyuma ya samaki. Baba naye alikuwa na mawazo yake. Alianza kuongea bila kunigeukia.

"Mama yako nilimfanyia hivi hivi."

"Hivi vipi?"

"Alikuwa na maua nyuma ya jikoni. Unayakumbuka?"

Niliyakumbuka vizuri. Yalikuwa waridi, na mengine meupe ambayo alileta vipandikizi vyake kutoka kwao. Nilikuwa darasa la nne yalipoharibiwa. "Yaliliwa na mbuzi," nilisema.

"Hayakuliwa na mbuzi. Niliyang'oa mimi. Nilitaka kupanda maharagwe, kipande kidogo tu. Alikuwa ameenda sokoni. Aliporudi alisimama pale, akaangalia."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu. Alisonga obusuma, akanipakulia wa kwanza kama siku zote. Nyinyi mlipouliza maua yako wapi, akawaambia ni mbuzi."

Wiki nzima baada ya maua yale kutoweka, nilikuwa nikimpiga mawe mbuzi wa jirani kila nilipotoka shule. Mama aliniona. Aliniambia tu niache, mbuzi hana akili. Nilikaa kwenye benchi lile, mtu mzima mwenye kazi na nyumba, nikahisi kama nimeambiwa kwamba nyumba niliyolelewa ilikuwa na chumba kingine ambacho sikukijua.

"Sikumwambia pole," Baba alisema. "Nilijua nimekosa siku hiyo hiyo. Nilikuwa nadhani kuna wakati."

Kisha akageuka. Ilimbidi ageuze kichwa chote, kwa sababu ya kitambaa.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa nimekaa siku nyingi nakula chakula chako na mikono haifanyi kitu. Nilitaka kumwona yule samaki vizuri."

Sikuwa nimewahi kusikia neno hilo kutoka kwake. Si kwangu, si kwa Mama, si kwa mtu yeyote. Tulikuwa watoto watano, na tulijua kwamba Baba akikosea hununua sukari ama hutengeneza mlango uliovunjika, na hapo ndipo mambo huishia. Nilimwambia nimesamehe. Ilitoka kwa sauti ndogo hata yeye akainama kusikia, nami nikamwambia asiiname.

Daktari alisema kidonda hakikufunguka. Jicho lilikuwa limevimba ndani, akaongeza dawa, akaagiza turudi kila siku kwa siku tatu. Alimkaripia Baba kidogo, kisha akanikaripia mimi zaidi. Nilikubali.

Tuliporudi, wanne kati ya wale wadogo walikuwa hai kwenye ndoo. Kambare wote wawili walikufa kabla ya asubuhi. Sponji ya chujio, ambayo ndani yake huishi vijidudu vinavyosafisha maji, alikuwa ameiosha kwa sabuni ya kipande, nikaitupa. Mimea niliikuta nyuma ya jengo, kando ya ua, kuku wa jirani wakiichakura. Ile mirefu ilikuwa imekauka. Ile ya majani magumu ilikuwa bado na uhai.

Nilitaka kuacha yote. Baba ndiye aliyeleta uzi. Alikaa mezani, mgongo wima, kifuniko kipya jichoni, akaifunga mimea kwenye kigogo, kipande kwa kipande, nami nikimwelekeza kwamba mizizi ya hii haifukiwi, huozea mchangani. Aliuliza kwa nini. Nilimweleza. Aliuliza maji hukaa siku ngapi kabla ya kuwa maji ya samaki. Nilimweleza hilo pia, na kuhusu dawa ya bomba, na kwa nini beta anahitaji kichaka. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza bwana shamba, bila kukatiza, akirudia maneno mengine chini kwa chini.

Beta aliishi wiki tano kwenye mtungi wa plastiki juu ya friji, ambako kuna joto, huku tangi likijijenga upya. Jicho lilipona; la kushoto likabaki kungoja zamu yake. Wale wanne wadogo walitangulia tangini, kisha tukamrudisha yule wa buluu Jumamosi moja asubuhi, na Baba ndiye aliyemimina. Beta alizunguka kioo mara mbili, akapotelea nyuma ya kigogo, na hakuna hata mmoja wetu aliyelalamika.

Siku ya Baba kurudi Butere, nilimsindikiza mpaka stendi. Tulikuwa tumebaki na dakika chache. Nilimwambia kitu nilichokuwa nimekibeba tangu siku ile: kwamba niliingia ndani nikakimbilia samaki, na yeye alikuwa na jicho lile.

"Nilikuona," alisema.

"Nisamehe, Baba."

Alifikiri. Alihamisha begi kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Iliniuma kidogo," alisema. "Sitakudanganya. Lakini mimi nilikuwa nimekaa kwa stuli. Wao walikuwa wanakufa."

Utingo akamwita. Alipanda, akakaa dirishani upande wa jicho lililopona, nami nikasimama pale mpaka gari likajaa.