Tumbo la Leticia

Matete yakikatwa na kuachwa juani hutoa harufu ya uvundo mtamu, na kila nikiisikia naona aibu kabla sijakumbuka kwa nini.

Nilikuwa darasa la tano, tukiishi Nyakato, Mwanza, baba aliponiruhusu kwenda likizo kisiwani Ukerewe kwa dada yake, Shangazi Bertha. Mama aliniandaa kama anayenipeleka vitani: chandarua, dawa ya kuharisha, na amri ya kutovua jaketi la kujiokolea mpaka meli ifunge gatini. Nililivaa safari nzima, jasho likinitiririka, abiria wakinitazama na kucheka. Shangazi naye akawa ananichemshia maji ya kunywa. "Mtoto wa mjini huyu," alisema. "Akiugua kwangu nitamwambia nini kaka?"

Lakini jua likiwaka watoto wote walikwenda kuoga ziwani, kwenye maji yaliyotulia katikati ya matete, nami nikaenda nao. Hakuna aliyewaza kunikataza. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na konokono wadogo walijishika kwenye mashina. Leticia, binti wa shangazi, wa rika langu, ndiye aliyenifundisha kupiga mbizi. Mikono na miguu yake ilikuwa myembamba, ila tumbo lilimtangulia kila aendako. Nyumbani walimwita Ngoma.

"Ngoma, acha ugali, utapasuka!" shangazi alimtania, sote tukacheka, na Leticia akacheka nasi.

Muhula uliofuata ukikaribia kwisha, tumbo likaanza kunikata, na chooni nikaona damu. Nilinyamaza kwa aibu mpaka mama alipoiona kwenye nguo zangu akifua. Kesho yake nilikuwa kwenye benchi la zahanati, nimeshika kikopo nilichokifunika kwa leso, na aliyeketi karibu yetu alikuwa mwalimu wangu wa hisabati.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umebeba nini?"

Mama akanijibia kwa sauti ya sokoni: "Choo, mwalimu! Anatoka damu!"

Benchi zima likageuka. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ni kichocho cha tumbo," daktari alisema baada ya vipimo. "Aliogelea ziwani?"

"Lakini maji alichemshiwa!" mama alilalamika.

"Hiki hakisubiri kunywewa, mama. Kinapenya kwenye ngozi."

Nilimeza vidonge vikubwa, vichungu, nikapona. Jioni moja baba alimpigia shangazi simu kumweleza, akiwa ameweka spika, sote tukisikiliza.

"Damu? Na tumbo kuuma?" shangazi aliuliza. "Kaka, Leticia anayo hayo tangu hajaanza shule."

Baba aliinamisha kichwa. Leticia aliletwa Mwanza akatibiwa, lakini ini lilikuwa limeshaumia, na mpaka leo hakosi kliniki.

Kwa miaka mingi niliposimulia habari hii, aibu niliyoitaja ilikuwa ya kile kikopo. Nilichelewa kuona kwamba mgeni wa wiki chache alipewa chandarua, maji ya kuchemsha na daktari, na mtoto wa nyumbani, mwenye ugonjwa uleule, akapewa jina la utani.

Tulipokuwa watu wazima nilimuuliza Leticia kwa nini hakuwahi kusema kwamba anaumwa.

"Nilisema," alinijibu kwa upole. "Mlikuwa mnacheka."