Kiti cha Nyuma

Fundi makochi hakuwa mtu wa kushindwa na kitu kilichotengenezwa na binadamu mwenzake. Meza ikiyumba kwa jirani, yeye hupiga magoti kutafuta mguu mfupi kabla hata hajakaribishwa kiti. Ndiyo maana gari lake kuukuu lilimnyima usingizi. Akiwa peke yake lilikwenda vizuri tu. Siku akimpeleka mkewe hospitali kusafishwa damu, halifiki kona ya pili bila kuanza kumisi: linashtuka, linakohoa, linaishiwa nguvu, kisha linajirudi kama vile halikufanya kitu.

"Mke mwenzangu ananionea wivu," mkewe alikuwa akisema kutoka nyuma, na mwanzoni wote wawili walicheka.

Kiti hicho cha nyuma alikitengeneza fundi mwenyewe. Mama wa watu alikuwa akitoka kwenye mashine hoi, mgongo unamuuma, hawezi kukaa wima. Basi mumewe akakifumua kiti, akakitia springi za kochi zima na sponji nene, akakivika kitambaa laini alichokuwa amemwekea mteja mmoja mwenye maringo. Mawaziri wengi hawajawahi kukalia kiti cha namna ile.

Gari akalipeleka kwa fundi wa magari aliyeitwa Kipara, ingawa nywele alikuwa nazo tele. Kipara akabadilisha plagi, akabadilisha nyaya za plagi, akasafisha njia ya mafuta. Kisha wakazunguka mitaani, wao wawili mbele, na gari likatulia kama bibi harusi.

"Kaka, ugonjwa nisiouona siwezi kuutibu," Kipara alisema. "Siku likikorofisha, niite."

"Linakorofisha akiwemo mke wangu tu."

Kipara akamtazama, halafu akatazama pembeni kwa adabu.

Kicheko kiliisha siku gari lilipozima kabisa katikati ya makutano, malori yakipiga honi, na mama yule amejikunja nyuma, mtandio usoni. Jioni akasema haendi tena. Hata gari limemkataa, na yeye amechoka kuwa mzigo wa watu. Aliyasema hayo huku akikunja nguo, bila kutoa chozi. Fundi aliingiwa na hofu, maana daktari hakuwaficha kitu: akiiacha mashine, hamalizi mwezi.

Siku ya kwenda ikafika, akagoma. Kesho yake fundi akapakia majora ya vitambaa kwenye kiti cha nyuma, ampelekee mteja. Kona ya pili, gari likamisi. Nyuma hakuwemo mtu. Fundi alifurahi mpaka akaropoka peke yake, akageuza hapohapo kwenda gereji. Mteja na vitambaa vyake watajijua.

Kipara aling'oa kiti. Chini yake ulipita waya wa kupeleka umeme kwenye pampu ya mafuta, na springi moja ya kochi ilikuwa imeuchubua. Uzito ukikaa juu, springi inausukuma waya, umeme unakatika, injini inakosa mafuta.

"Kikulacho ki nguoni mwako, kaka," Kipara alisema taratibu. "Hizi springi kaziweka nani?"

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Waya ulipofungwa upya na springi kukatwa, akarudi nyumbani mbiombio. Alimkuta mkewe kitandani, miguu imevimba.

"Mama, kumbe si wewe, ni mimi. Springi zangu ndizo zilikuwa zinabana waya. Limepona sasa. Twende."

Mkewe aliifunika miguu kwa shuka.

"Nisamehe, baba," akasema. "Kila lilipokohoa, nilikuwa naomba lizime, tusifike. Ile mashine inanitesa kuliko ugonjwa wenyewe. Sikujua nikuambieje, na wewe ulivyohangaika na hicho kiti."

Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda. Mikono aliiweka mapajani, haina kazi.

Mwishowe mkewe akanyoosha mkono ainuliwe. "Leo nitakwenda kwa ajili yako. Siku nyingine usinilazimishe."

Njia nzima gari halikumisi hata mara moja. Fundi aliendesha polepole, wa nyuma wakampigia honi wee mpaka wakachoka, naye hakuwa tena na haraka ya kufika.