Kigezo cha Unga

Nilidanganya kwenye tasnifu yangu ya uzamili. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi: mbele ya mume wangu, mbele ya dada zangu, na mara moja mbele ya mwalimu wangu mwenyewe, aliyekuwa akitabasamu kwa namna nisiyoipenda. Niliandika kwamba programu yangu ya kompyuta ilitabiri namna ya kuiondolea moshi mashine ya mama mkubwa. Haikutabiri kitu. Iliangalizia, kama nilivyokuwa nikiangalizia mimi kwenye mitihani ya jiografia.

Mama mkubwa alikuwa na mashine ya kusaga nafaka pale Dunda, Bagamoyo, inayozungushwa na injini ya dizeli ya silinda moja. Ilikuwa ikitoa moshi mweusi ambao haukupotea hewani kama moshi wenye adabu. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo ya jirani, na jirani mwenyewe alikuwa mtu wa kanzu nyeupe. Baada ya kanzu ya tatu, uongozi wa mtaa ukamwita mama mkubwa na kumwambia kwamba mwezi wa Ramadhani ukiandama moshi uwe umekwisha, la sivyo mashine ihame. Kuhama kulikuwa sawa na kufa. Wateja wake walikuja kwa miguu na ndoo za mahindi kichwani, wala hakuna ambaye angemfuata nje ya mji kwa mapenzi tu.

Mimi wakati huo nilikuwa chuo kikuu, Dar es Salaam, naandika programu ya kuiga mwako ndani ya injini ya dizeli. Jambo lenyewe ni rahisi kuliko nilivyokuwa nikilieleza kwenye sherehe za watu. Pistoni inapanda na kuibana hewa mpaka inakuwa ya moto sana. Pampu inarusha dizeli kidogo ndani yake, na dizeli inawaka yenyewe. Ikirushwa mapema mno, injini inagonga kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo. Ikichelewa, haiwahi kuungua yote, na kinachobaki kinatoka kama moshi mweusi. Kompyuta huukata mzunguko mmoja wa injini vipande vidogo vidogo, na kila kipande inapiga hesabu: joto kiasi gani, mafuta kiasi gani yameshaungua. Mwisho inakwambia wakati mzuri wa kurusha. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo miezi minane bila kufungua injini hata moja. Mikono yangu ilikuwa safi kuliko ya mhasibu.

Niliposikia habari za kanzu nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimepata injini ya kufanyia majaribio.

Nikaja Bagamoyo na kompyuta ya mkononi ndani ya mkoba. Nikamkuta fundi wa mama mkubwa, mzee mwenye vidole vifupi vyeusi, amekaa juu ya debe, sikio moja ameliegemeza kwenye mpini wa bisibisi, na ncha ya bisibisi iko kwenye injini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ndiyo wewe kompyuta?"

"Ndiyo mimi."

"Haya, kompyuta. Sema."

Nikasema. Programu ilitaka mafuta yarushwe mapema zaidi, kwa hiyo atoe vibati viwili kati ya vile vyembamba vinavyokaa chini ya pampu. Akanitazama, akamtazama mama mkubwa, akatoa vibati viwili. Injini ikawaka ikigonga hivi kwamba kuku wa jirani wakahama kabla yetu. Moshi ulikuwa palepale.

"Mwanangu," mama mkubwa akasema, nyusi zote nyeupe kwa unga, "hiyo shahada wameshakupa, au bado wanafikiri?"

"Bado."

"Wafikiri sana."

Fundi hakucheka. Alirudisha kibati kimoja. Kisha akachukua kipande cha bomba la maji, akatoboa ukuta, akaiunganisha injini ivute hewa ya nje badala ya ile ya chumbani. Kila mama mkubwa aliposaga, chumba kizima kilikuwa ukungu wa unga. Injini ilikuwa ikivuta ukungu ule miaka na miaka, kichujio chake kimeganda kama kande. Fundi akakisafisha, akawasha. Moshi ukatoka mara moja kwa mazoea, kisha basi. Jirani akatoka kutazama kilichotokea, akiwa bado na hasira ambayo sasa hakuwa na pa kuiweka.

Ndani ya programu yangu hewa ilikuwa safi kabisa. Sikuwahi kufikiria kwamba mashine ya kusaga unga ina unga.

Nilirudi chuoni nikafanya dhambi yenyewe. Niliongeza kigezo kinachopunguza hewa, nikakipandisha na kukishusha mpaka programu ikasema toa kibati kimoja, si viwili. Halafu nikaandika kana kwamba ilisema hivyo tangu mwanzo. Siku ya kuitetea tasnifu, mmoja wa maprofesa aliuliza kigezo kile nimekitoa wapi. Nikajibu, "Kwenye vipimo vya uwandani." Uwanda wenyewe ulikuwa umekaa juu ya debe, Dunda. Jina lake halimo hata kwenye ukurasa wa shukrani, ambamo nilimshukuru mtu aliyenirekebishia printa.

Mwaka huu fundi alinipigia simu. Sikio lake la kulia limekufa, la kushoto linasikia ukipiga kelele. Injini zimemla polepole, kwa miaka yote ile ya kuziegemea. Mtu mmoja wa Mapinga alikuwa amefunga mashine mpya ya kusaga, inatoa moshi, na fundi alikuwa ameahidi kuitengeneza. Mwenye mashine alishaanza kusema kwamba mzee hasikii, afadhali alete kijana kutoka mjini. Kama ile ya Mapinga ingemshinda, habari ingefika Bagamoyo kabla yake, na hakuna ambaye angemwita tena. Sasa alitaka ile kompyuta yangu, iliyojua habari za kibati kimoja.

Nilisafiri mpaka Dunda kwenda kumwambia ukweli. Ilibidi nimwambie kwa sauti, barazani kwake, majira ya saa nne asubuhi.

"Mjomba, kompyuta haikujua!"

"Eeh?"

"Haikujua! Nilipima ulichofanya wewe, nikaipachikia! Nilidanganya!"

Mama muuza maandazi ng'ambo ya njia akaacha kugeuza maandazi. Watu wawili waliokuwa wakizozana juu ya pikipiki wakaahirisha. Mke wa fundi akatokeza kichwa mlangoni, akanitazama kwa huruma ambayo watu huwapa wagonjwa.

"Najua," fundi akasema. "Nilikuwepo."

"Sasa mbona unaitaka?"

"Mafundi wote niliowafundisha waliniibia kwa macho. Hakuna aliyekuja kuniambia, naomba niibe. Hiyo yako inakumbuka nilichofanya, au imesahau?"

"Inakumbuka."

"Basi ni fundi wangu huyo. Mvivu, hana mikono, lakini ni wangu. Mpeleke Mapinga." Akafikiri kidogo. "Na wewe punguza sauti, watu wanauza maandazi."

Akanitumia vipimo vya injini ya Mapinga: upana wa silinda, mizunguko, unene wa vibati, na picha ya kichujio kilichojaa unga. Safari hii niliuweka unga ndani ya hesabu kabla ya kuona jibu lolote. Programu ikasema asafishe njia ya hewa na kutoa vibati viwili. Niliitazama ile mbili kwa muda mrefu. Mara ya kwanza pia ilikuwa mbili. Lakini sikuwa na wa kumwangalizia, kwa hiyo nikamtumia ilivyo.

Siku ya tatu nilikuwa saluni, kichwa nusu kimesukwa, nusu kama mti uliopigwa na radi, simu ikaita. Ni fundi, kutoka Mapinga, anapaza sauti kama anayeita mtu aliye Msata.

"Injinia! Nimetoa viwili!"

"Moshi?"

"Hamna! Moshi nauona mwenyewe, macho yangu mazima! Kugonga ndiko sikujui! Mwenye mashine anasema iko sawa, lakini huyo hata ikicheka atasema iko sawa! Sikiliza!"

Akaisogeza simu kwenye injini. Nikamwomba msusi azime mashine ya kukaushia nywele. Mama aliyekuwa chini yake akauliza kama kuna msiba. Nikaziba sikio la pili, nikasikiliza. Chini ya mngurumo kulikuwa na kitu kidogo kikavu, ka, ka, ka, kila mzunguko. Nilitamani kisiwepo. Kilikuwepo.

"Inagonga, mjomba!"

"Sana?"

"Kidogo! Kompyuta imekosea! Rudisha kimoja!"

"Una hakika?"

"Nina hakika!"

Injini ikazimwa. Nikabaki na simu sikioni, nikisikia spana ikianguka, mtu akilaumu kwamba wanapotezewa siku, fundi akimjibu neno ambalo sitaliandika. Msusi alisimama na kitana hewani. Hakuna aliyewasha kitu. Kisha injini ikawaka tena, na simu ikasogezwa.

Nilisikiliza mizunguko mingi kuliko iliyohitajika.

"Haigongi!" nikasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mjomba!"

Akamgeukia mwenye mashine bila kukata simu, na sauti yake ikanifikia vizuri kabisa: "Umesikia? Leta mahindi."